Namna ya Kumwandaa Kijana Asiye na Ajira Kufundisha Hisabati Shule ya Kijijini

Katika vijiji vya wilaya za Mufindi, Makete, Rungwe na Mbarali nchini Tanzania si ajabu kumkuta kijana aliyemaliza kidato cha nne au cha sita, na wakati mwingine aliyehitimu chuo cha ualimu, akipalilia mahindi ya wazazi wake huku akisubiri ajira, ilhali shule ya msingi iliyo jirani ina mwalimu mmoja wa Hisabati anayebeba madarasa matatu. Mwongozo huu ni kwa kamati ya shule, mwalimu mkuu au kikundi cha kijiji kinachotaka kuwakutanisha hao wawili.

Jambo la kwanza ni ruhusa. Zungumzeni na mwalimu mkuu, kisha Afisa Elimu Kata, na kupitia kwake ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri; kijana asiingie darasani kwa makubaliano ya mdomo. Kila kijana alete barua ya utambulisho ya mtendaji wa kijiji. Suala la posho lijadiliwe kwenye mkutano wa kijiji na kuandikwa katika muhtasari, na mtoto wa mzazi asiyechangia asizuiwe kuhudhuria, kwa kuwa tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 hakuna kitu kinachoua mradi wa namna hii upesi kama mchango wa lazima uliopewa jina la hiari. Wala msiwaahidi vijana kwamba kujitolea kutawaletea ajira serikalini.

Katika kuchagua, cheti kisaidie lakini kisiamue. Mpe kila mwombaji maswali kumi ya kiwango cha darasa la saba, kisha mketishe na mtoto wa darasa la nne kwa dakika kumi, mkae pembeni na kutazama. Anayemnyang'anya mtoto kalamu ili amwonyeshe jibu bado hajawa tayari, hata kama alipata alama zote kumi. Anayenyamaza na kungoja mtoto amalize kufikiri, huyo mchukueni.

Mafunzo yachukue wiki mbili. Muda huo unaweza kuonekana mfupi, lakini kuna mfano wa kutia moyo: shirika la Pratham la India liliwafundisha kwa takriban wiki mbili wasichana wa mitaani mwao waliomaliza sekondari, wakaitwa balsakhi, yaani rafiki wa mtoto, nao wakawa wanawachukua watoto waliobaki nyuma, kama 20 hivi, kwa saa mbili kila siku ya masomo. Utafiti uliofanywa Mumbai na Vadodara mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionyesha kwamba alama za watoto hao zilipanda. Abhijit Banerjee na Esther Duflo, waliokuwa miongoni mwa watafiti wake, walipata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2019.

Siku za kwanza zitumike kuchimbua makosa ambayo vijana wenyewe wametoka nayo shuleni. Andika ubaoni 10 − 4 + 3 na uombe jibu. Wengi watasema 3, na watalitetea kwa MAGAZIJUTO (Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa), kwa sababu katika neno hilo JU ya kujumlisha inatangulia TO ya kutoa. Jibu ni 9: kujumlisha na kutoa vina hadhi moja, na hufanywa kutoka kushoto kwenda kulia. Niliona ukumbi mzima ukikaa kimya kwa swali hili, na ukimya huo ulinisaidia kuliko hotuba yoyote, kwa maana aliyetambua kuwa amebeba kosa kwa miaka kumi hamcheki tena mtoto.

Baada ya hapo wafundishwe kusoma kosa. Mtoto anayeandika 52 − 27 = 35 hakubahatisha; ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa kila mahali, 7 kutoa 2 na 5 kutoa 2. Kumwandikia alama ya kukosa hakumsaidii. Kijana amuulize, “Umefanyaje?”, amsikilize hadi mwisho, kisha ampe vijiti vilivyofungwa mafungu ya kumi kumi ili afungue fungu moja kwa mikono yake na kuona maana ya kukopa. Vivyo hivyo kwa sehemu: anayejumlisha nusu na theluthi akapata mbili ya tano apelekwe kwenye debe la lita 20. Nusu debe ni lita 10, na mbili ya tano ya debe ni lita 8. Mtoto wa mkulima wa viazi, aliyewaona wazazi wake wakilalamikia lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, hatakubali kwamba kuongeza kunapunguza. Kuanzia hapo KDS, yaani Kigawe Kidogo cha Shirika, itakuwa na kazi machoni pake.

Kuanzia siku ya nne vijana wafundishe watoto halisi, wenzao wakiandika walichokiona. Wanaokaribia chuo cha ualimu kama Kleruu au Mkwawa, mjini Iringa, waombe mkufunzi wa Hisabati aje angalau siku moja.

Kazi ikianza, watoto wapimwe na kupangwa kwa kiwango cha kuhesabu badala ya darasa. Vipindi vya dakika 45, mara nne kwa wiki, vinatosha, ila viishe mapema, kwani wengine wanavuka mabonde kurudi nyumbani na mvua za Januari hazingoji. Vijana wafundishe wawili wawili, mlango ukiwa wazi, wala wasishike fimbo kwa sababu yoyote. Msitegemee mahudhurio mazuri wakati wa palizi na mavuno. Ni afadhali kupunguza vipindi kuliko kuwalaumu watu wanaotafuta chakula.

Kila Ijumaa mwalimu wa somo akae na vijana hao, wapitie daftari lenye jina la mtoto, kosa lake na lililofanyika. Daftari hilo libaki shuleni, kwani siku kijana atakapopata ajira na kuondoka, jambo ambalo wote tunaliomba, atakayempokea aanze pale mwenzake alipoishia.