Jinsi ya Kupanga Nyumba ya Kustaafia Itakayokufaa Uzeeni

Mtumishi wa umma nchini Tanzania hustaafu kwa lazima akitimiza miaka 60, na wengi husubiri mafao ndipo waanze kujenga. Ni vyema ramani ichorwe mapema, mtu angali na mshahara, kwa kuwa fundi aliyezoea kujengea familia changa hatakuuliza mambo ambayo mzee huyahitaji.

Anza na kiwanja. Wazee wengi hupendelea kuishi karibu na watu wanaofahamiana nao, mahali ambapo zahanati, soko na nyumba ya ibada vinafikika kwa miguu. Kwa hiyo eneo kubwa la bei nafuu lililo mbali na barabara ya daladala litakugharimu mara tu utakapoacha kuendesha gari. Kabla ya kulipa, tembea kutoka hapo hadi zahanati wakati wa masika, si wakati wa kiangazi.

Ghorofa iache, hata kama wanao wanaitamani. Nyumba ya chini yenye vyumba viwili vya kulala na baraza pana la kupokelea wageni inatosha. Urefu wake uelekee mashariki na magharibi, ili kuta fupi ndizo zipigwe na jua la asubuhi na la alasiri. Madirisha yatazamane ili upepo upite, yawekewe wavu, na uwazi kati ya ukuta na paa uzibwe, maana mbu wa malaria hupenya hapo.

Fedha nyingi humalizikia sebuleni, ilhali bafuni ndiko mzee anakoteleza. Bafu na choo viwe ndani, jirani na chumba cha kulala, visiwe na kizingiti, na sakafu iwe ya marumaru zenye mkwaruzo. Choo kiwe cha kukaa, chenye kimo cha sentimita 43 hadi 48, na kando yake lifungwe bomba la chuma la kushikia, likiwa limekazwa kwenye tofali lenyewe wala si kwenye plasta. Milango iwe na upana wa sentimita 90 ili kiti cha magurudumu kipite. Mwingilio uwe na mteremko ambao kila sentimita 1 ya kupanda ina angalau sentimita 12 za urefu: msingi wa sentimita 45 unadai mita 5.4, nafasi ambayo haipatikani tena ukuta wa uzio ukishasimama.

Kuhusu maji, milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita 100 za mraba, penye mvua ya milimita 500 kwa mwaka, hupokea lita 50,000, ingawa sehemu yake hupotea. Weka mifereji ya paa na tangi lenye koki ya kimo cha kiuno, kwani ndoo iliyo chini kabisa huumiza mgongo.

Jikoni, gesi au umeme uchukue nafasi ya kuni, kwa sababu ya moshi.