Namna ya kuwafunza mafundi na vibarua kulinda kasa, mikoko na ufukwe

Katika ujenzi wa hoteli au nyumba kando ya bahari, iwe Kilwa, Mafia au Watamu, uharibifu mkubwa hutokea siku za mwanzo, kijiko, yaani mtambo wa kuchimbia, kinaposafisha kiwanja kabla hata msingi haujapimwa. Kwa hiyo mafunzo yatolewe kabla mtambo wowote haujashushwa, na yafanyike hapo hapo kiwanjani mbele ya nyapara, madereva na vibarua wote, kwa maana ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira hukaa ofisini na fundi haioni.

Anza kwa kutembea nao mpakani. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Pimeni umbali huo pamoja, na kwa usalama zaidi anzieni pale maji ya bamvua, yaani maji makuu yanayojaa kuliko kawaida, yanapofikia, kisha vibarua wenyewe wachomeke vigingi na kufunga kamba.

Dereva wa kijiko ndiye mwanafunzi muhimu kuliko wote. Mpeleke kwenye mikoko maji yakiwa yamekupwa, umwoneshe mizizi ya mchu, aina mojawapo ya mikoko, iliyochomoza juu ya tope, na umweleze kwamba mti huo huvuta hewa kwa mizizi hiyo, hivyo kifusi kikimwagwa juu yake utakufa ingawa hakuna aliyeukata. Maji ya kuoshea mashine ya zege nayo yana chokaa kali. Yachimbiwe shimo mbali na mkondo.

Kuhusu kasa, fundisha kwa undani. Jike hupanda ufukweni usiku, hufukia mayai ambayo mara nyingi hupita 100, kisha hurudi baharini, na mayai hukaa mchangani takriban miezi miwili. Kila alfajiri, kabla ya kazi, mtu mmoja aliyefunzwa apite ufukweni kutafuta nyayo zake, ambazo hufanana na njia ya gurudumu pana iliyotoka majini. Akiziona, eneo lizungushiwe kamba na wahifadhi wa kasa au kikundi cha usimamizi wa rasilimali za bahari wa hapo waitwe. Kibarua asihamishe mayai kwa nia njema, kwani yai likigeuzwa baada ya kiinitete kujishikiza linaweza kuharibika. Taa nazo zielezwe: watoto wa kasa hufuata upande wenye mwanga, na taa ya mlinzi ikiangaza ufukweni huwapeleka bara, ambako hufa kwa jua au kuliwa na kaa na ndege. Taa za usiku ziwekwe chini, zifunikwe upande wa bahari, na zisizo za lazima zizimwe.

Hata hivyo, mafunzo yote haya hayafai kitu ikiwa dereva wa lori analipwa kwa tripu, kwa sababu mchanga wa ufukweni uko karibu kuliko wa machimbo halali, naye atauchota huo ili apate tripu nyingi. Badilisheni malipo hayo kwanza. Vilevile mkandarasi atamke mbele ya wote kwamba kibarua yeyote anaweza kusimamisha kijiko akiona kiota au nyayo, na kwamba siku hiyo hatakatwa ujira wake.

Kwa kuwa vibarua hubadilika mara kwa mara, rudieni maelezo mafupi kila wanapoingia wapya, na kabla ya masika mkague mitaro pamoja ili udongo usisombwe hadi kwenye majani ya bahari na matumbawe.