Vibonge vya biskuti na chokoleti kwa sherehe, bila oveni

Siku ya sherehe oveni, kama ipo, huwa imeshashikwa na vyakula vingine, na mwenye shughuli hana dakika ya kupoteza. Ndiyo maana kwenye meza ya vitamu natanguliza vibonge vya biskuti: biskuti zimesagwa, zimechanganywa na jibini laini, zimeviringishwa na kuvikwa chokoleti. Havipikwi wala kuokwa. Unavitengeneza siku mbili kabla, vinakaa kwenye friji, na mgeni anakula bila kuhitaji sahani wala kijiko. Viungo ni vichache. Kinachotenganisha vibonge vizuri na vile vilivyopasuka na kulowa ni jinsi unavyocheza na joto, baridi na maji, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Kwa vibonge 40 hivi, andaa biskuti gramu 400, jibini laini gramu 200 (ile nyeupe ya kupaka kwenye mkate), chumvi kidogo ya kushika kwa ncha za vidole, na chokoleti gramu 400. Chokoleti itabaki, na nimeipima hivyo makusudi, maana kibonge kinahitaji kina cha kuzama. Wengi huweka jibini zaidi ya hapo. Mimi sivuki nusu ya uzito wa biskuti, kwa sababu jibini ikizidi kibonge kinabonyea ukikigusa na ladha ya biskuti inamezwa. Kipimo hiki ni cha biskuti za kakao zenye krimu katikati, nazo zinasagwa pamoja na krimu yake, kwa kuwa mafuta yake yanasaidia kushikamanisha. Ukitumia biskuti kavu zisizo na krimu, ongeza jibini kijiko kimoja kimoja hadi mchanganyiko ushike.

Chokoleti ya nje napenda iwe nyeusi, yenye kakao asilimia 55 hadi 65. Ndani kumeshakuwa na sukari ya kutosha, na uchungu kidogo wa nje ndio unaomfanya mtu arudie cha pili. Chokoleti nyeupe inapendeza kwa macho, hasa ukiwa na biskuti za siagi na maganda ya limau yaliyokunwa, lakini ni nyepesi kuungua na inataka uangalizi.

Anza na kusaga. Blenda kavu inafanya kazi haraka. Kama huna, tia biskuti kwenye mfuko mzito, toa hewa, funga, kisha ponda kwa kifimbo cha kusukumia unga. Saga hadi usione kipande hata kimoja. Sugua unga kati ya vidole: ukihisi chenga ngumu, endelea. Chenga kubwa inachomoza juu ya kibonge, chokoleti inakuwa nyembamba pale inapochomoza, na ufa unaanzia hapo hapo. Weka kando vijiko vitatu vya unga huo kwa ajili ya kunyunyizia juu.

Jibini itoke kwenye friji saa moja kabla. Ipige peke yake kwanza kwa mwiko hadi iwe nyororo, halafu ndipo umimine biskuti na chumvi. Ikiingia ikiwa ngumu, itabaki vidoti vyeupe ambavyo havitaisha hata ukanda namna gani. Mimi namalizia kwa mkono, maana mkono unajua mapema kuliko macho kwamba mchanganyiko umekubali. Bana donge dogo kwenye kiganja. Likipasuka pembeni, ongeza jibini kijiko cha chai. Likikuachia mafuta na kung'ang'ania ngozi, ongeza unga wa biskuti.

Usiviringishe bado. Funika bakuli, liweke kwenye friji nusu saa. Muda huo biskuti zinanyonya unyevu wa jibini, na mchanganyiko uliokuwa ukinata unakuwa mkavu wa kushikika. Ukiuruka muda huu utaongeza biskuti bila sababu, na kesho yake vibonge vitakuwa vikavu.

Kisha pima. Gramu 15 kwa kila kibonge ni saizi nzuri, sawa na kipenyo cha sentimita mbili na nusu au zaidi kidogo. Tumia mizani ndogo ya jikoni kama unayo. Kupima si kwa ajili ya urembo peke yake: vibonge vya saizi moja vinapoa kwa pamoja, kwa hiyo vyote vinafika kwenye chokoleti vikiwa na ubaridi sawa. Osha mikono kwa maji baridi, ikaushe kabisa, bana donge kwanza lishikane, ndipo uliviringishe. Ukianza kuviringisha bila kubana, ndani kunabaki mifuko ya hewa. Panga kwenye trei yenye karatasi ya kuokea na urudishe kwenye friji kwa saa moja.

Sasa chokoleti. Adui yake mkubwa ni maji. Tone moja, au hata mvuke unaopanda kutoka kwenye sufuria, unatosha kuifanya chokoleti iliyoyeyuka igande ghafla na kuwa rojo zito lenye chembe. Sababu ni kwamba sukari na kakao zinaelea ndani ya mafuta. Maji kidogo yakiingia, sukari inalowa, inanata na kukamata kila kitu kilicho karibu. Kwa hiyo bakuli, kisu, ubao na kijiko viwe vikavu kabisa. Mwiko wa mbao siuingizi kwenye chokoleti, kwa kuwa mbao huficha unyevu. Ikikupata bahati mbaya hiyo, usiitupe: ongeza maziwa ya moto kijiko kimoja kimoja huku unakoroga, itageuka mchuzi laini wa kumwagia keki au aiskrimu. Kuvika vibonge, haifai tena.

Katakata chokoleti vipande vidogo. Chemsha maji kidogo kwenye sufuria, zima jiko, weka bakuli juu bila chini yake kugusa maji, na uiache iyeyuke taratibu. Kwa maikrowevu, tumia nguvu nusu, sekunde 30 kwa 30, ukikoroga kila mara. Itoe kukiwa bado na vipande vichache, vitamalizikia nje. Ikiwa nzito, ongeza kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia yasiyo na harufu. Usiongeze siagi, kwani siagi nayo ina maji ndani yake.

Ukitaka ganda linalong'aa na kukatika kwa mlio, yeyusha robo tatu ya chokoleti hadi nyuzi 45 za Selsiasi, kisha tia robo iliyobaki ikiwa imekatwa vipande, na ukoroge hadi ishuke nyuzi 31 au 32. Hivyo ni vipimo vya chokoleti nyeusi. Ya maziwa hufanyiwa kazi kwenye 30 hivi, na nyeupe kwenye 28 au 29. Bila kipimajoto, gusisha tone kwenye mdomo wa chini: likihisi ubaridi kidogo, limefika. Ukiruka hatua hii bado utapata vibonge vitamu, ila ganda litakuwa laini zaidi na baada ya siku linaweza kutoa michirizi ya kijivu. Ni mafuta ya kakao yaliyopanda juu, hayana madhara. Ile chokoleti ya kuvikia yenye mafuta mengine badala ya mafuta ya kakao haihitaji haya yote. Inaganda yenyewe, lakini ladha yake haifiki mbali, nami siiweki kwenye sherehe ninayoijali.

Kabla ya kuvika, toa vibonge kumi tu kwenye friji na uvipe dakika kumi. Hapa ndipo wengi huona nyufa wasijue zilikotoka. Kibonge kilichotoka kwenye friza kinaligandisha ganda papo hapo, ganda linasinyaa, halafu cha ndani kinapopata joto kinatanuka na kulipasua. Kikiwa cha vuguvugu nacho kinamomonyoka ndani ya bakuli. Kinachofaa ni kigumu kwa kidole, ila kisichouma kwa baridi.

Dondosha kibonge kwenye chokoleti, kigeuze kwa uma hadi kifunikwe, kiinue kutoka chini. Usikichome. Gonga shingo ya uma kwenye ukingo wa bakuli mara tatu au nne: utaona chokoleti ikishuka, uso wa kibonge ukitulia, na mawimbi yakipotea. Pangusa chini ya uma ukingoni, kisha kilaze kwenye karatasi na ukisukume kwa kijiti cha meno. Ukiacha kupangusa, chokoleti inatambaa na kukifanyia kibonge sketi. Nyunyiza unga wa biskuti au njugu zilizosagwa hapo hapo, kwa kuwa baada ya dakika moja au mbili uso unaanza kufifia kutoka pembeni, na kikishafifia hakishiki kitu tena. Ndiyo maana ninavika viwili, ninanyunyiza, kisha naendelea. Watoto wakitaka kusaidia, kazi yao ni hii.

Vikishakauka, vipange kwenye chombo chenye mfuniko, karatasi kati ya tabaka na tabaka. Kwenye friji vinakaa wiki moja, kwenye friza miezi miwili. Vya friza vihamishie kwenye friji usiku wa kuamkia shughuli, chombo kikiwa kimefungwa. Ukifunua chombo baridi kwenye hewa ya joto, unyevu wa hewa unatua juu ya chokoleti, vibonge vinatoka jasho na ule mng'ao wote unaondoka. Usiondoe mfuniko hadi chombo kipoteze ubaridi, dakika 20 hivi, ndipo uvipange kwenye sahani.

Kwa kuwa kuna jibini ndani, visikae mezani zaidi ya saa mbili, na kukiwa na joto la zaidi ya nyuzi 32 iwe saa moja. Toa sahani moja, ikiisha toa nyingine. Kama sherehe ni ya nje na ya mchana kutwa, badala ya jibini tumia maziwa mazito matamu ya kopo: anza na gramu 150 kwa biskuti gramu 400, uongeze kidogo kidogo. Vinakuwa vitamu zaidi na vya kutafuna zaidi, hivyo chokoleti nyeusi inakuwa ya lazima.

Hesabu viwili kwa kila mgeni kama kuna keki, vinne kama havina mwenzake. Vyenye njugu vikae sahani ya peke yake, vivikwe mwisho ili njugu zisiingie kwenye bakuli la wengine, na uweke kikaratasi kinachotaja ngano, maziwa na njugu. Mgeni mwenye mzio asilazimike kuuliza. Chokoleti iliyobaki imwage kwenye karatasi, iache igande, uivunje na kuihifadhi kwa mara nyingine. Ikiwa imeingia chenga za biskuti, itumie kwenye maziwa ya moto.