Refrain: unapojizuia wewe, si unapomzuia mwenzako

Hamjambo wapendwa. Wiki hii nilikuwa nikisahihisha barua zenu za kuomba kazi, na bawabu mmoja hodari wa hapa Umoja ameandika: I refrained the customer from entering. Alitaka kusema alimzuia mteja asiingie. Sentensi hiyo haisimami, na kosa hili nalisikia Nairobi nzima.

Hatua ya kwanza: tafuta -ji-. Sisi tunatofautisha zuia na jizuia kwa silabi moja tu. Kiingereza kina maneno mawili: restrain ni zuia, refrain ni jizuia. Ile -ji- imo tumboni mwa refrain tayari, kwa hiyo usiliongezee myself wala kulitajia mtu mwingine wa kuzuiwa. Asili yake ni Kilatini, frenum, yaani lijamu. Mfikirie punda wa kubeba maji na anayemshika hatamu. Kwenye refrain, hao wawili ni mtu mmoja. Ukikumbuka hilo hutakosea tena. Bawabu wetu aandike stopped, kwa sababu restrained ingemfanya mwajiri adhani alimkaba mteja.

Hatua ya pili: baada yake weka from, kisha kitenzi chenye -ing. She refrained from answering. Usiseme refrain to answer.

Hatua ya tatu: sikia adabu yake. Ndani ya matatu kibao husema Please refrain from smoking. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 ilishapiga marufuku sigara kwenye magari ya abiria, lakini kibao bado kinaomba kwa upole: tafadhali usiwashe. Stop smoking humwendea aliyekwisha kuiwasha.

MASWALI

Mwalimu, mbona kitabu cha nyimbo za kanisani kina refrain juu ya kiitikio?
Hilo ni neno jingine, dada. Yamefanana umbo tu. La wimbo limetokana na kitenzi cha Kilatini cha kuvunja.

Na mbunge asiyepiga kura ya ndiyo wala ya hapana, ame-refrain?
Hapana, kaka, hapo ni abstain. Ndilo pia la anayejinyima pombe au nyama kwa muda. Refrain hulifaa zaidi tendo moja la papo hapo: ulimi ulitaka kujibu, ukaufunga.

Mwalimu, ni mimi bawabu. Nimeandika: I refrained from arguing with an angry customer.
Sahihi kabisa, ndugu yangu. Na sentensi hiyo iache kwenye barua, mwajiri aione.