Unataka kazi ya sayansi au uhandisi isiyo ya mezani? Anza na kisima cha jirani

Kazi yangu ni kupima maji ya visima hapa Unguja. Kila baada ya mahafali huja wazazi na vijana wao: "Huyu ana shahada yake, lakini kukaa ofisini hataki. Tumpeleke wapi?" Nimeona niandike majibu yangu, maana nayarudia kila mwaka na kazi hizi nazipenda.

Hatua ya 1: Amua unataka kushika nini

Usianze na jina la cheo. Jiulize mikono yako inataka kushika nini: maji, mwamba, nyaya, mwani, wadudu? Unguja ilitangazwa kuwa haina mbung'o mwaka 1997, baada ya madume waliotiwa utasa kwa mionzi kumwagwa kutoka ndegeni. Sifa ikaenda kwenye ndege. Lakini walikuwepo watu waliokwenda msituni kukagua mitego mara kwa mara, na bila ya mitego ile hakuna ambaye angejua kwamba mdudu kamalizika. Pemba, kufuatilia kichocho ni kuingia bwawani na mabuti na kuokota konokono wanaobeba vimelea vyake. Umeme wa Pemba, tangu 2010, unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na kutoka pale unapotua lazima mtu aufuate nguzo kwa nguzo mpaka vijijini.

Hatua ya 2: Fungua daftari la vipimo vyako mwenyewe

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hapa ndipo kazi inapopatikana. Mimi nilianza na kisima kimoja cha pwani ya mashariki, kwenye ardhi ya mawe. Nilikwenda kwanza kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, kujitambulisha, kisha kwa mwenye kisima. Bibi yule, baada ya kuitikia shikamoo yangu, aliniambia: "Njoo siku za bamvua mwanangu, ndipo utakapokiona kinavyopumua."

Na kweli kinapumua. Mwamba wetu wa matumbawe una matundu mengi, kwa hiyo bahari ikijaa, maji ya kisima cha karibu na pwani hupanda, ikipwa hushuka. Ukisogea mbali na pwani, mpando unapungua na unachelewa. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari yetu hupanda na kushuka karibu mita 4, basi tofauti utaiona hata kwa kamba ya kawaida. Funga kizito mwishoni, tia fundo kila baada ya sentimita 10, teremsha taratibu mpaka usikie kizito kinagusa maji, bana kamba kwa vidole usawa wa mdomo wa kisima, kisha hesabu mafundo. Rudia mara tatu. Andika tarehe, saa, kina, na kama bahari inajaa au inakupwa. Kwa chumvi, azima EC mita chuoni kwenu, kifaa kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme: chumvi ikizidi, namba hupanda. Maji ya bahari husoma kiasi cha maikrosimensi 50,000 kwa sentimita, ya mvua hayafiki 100, kisima chako kitakuwa mahali fulani katikati.

Andika kwa penseli. Mwaka wangu wa kwanza niliandika kwa kalamu ya wino, daftari likarowa ndani ya mashua, vipimo vya wiki tatu vikageuka madoa ya buluu. Vipimo vya siku iliyopita havirudiwi, na mpaka leo vinaniuma.

Pima kuanzia bamvua, upite maji mafu (siku bahari inapopanda na kushuka kidogo), mpaka bamvua jingine: ni wiki mbili tu. Chora mstari wa kina na mstari wa chumvi kwenye karatasi moja. Sasa una kitu ambacho waombaji wenzako hawana.

Hatua ya 3: Waulize wanaotoka

Tangazo likifika gazetini, mara nyingi timu imeshaanza kutafutwa. Kaa na madereva wa magari ya kazini, manahodha wanaowapeleka watafiti, mafundi wa mitambo ya kuchimba visima. Wao ndio wanaojua nani anakwenda Makunduchi wiki ijayo na anapungukiwa mtu wa kushika tepu. Fuata pia majira: kazi nyingi za barabara na uchimbaji hukwepa masika, na za baharini hungoja upepo utulie baina ya kaskazi na kusi.

Hatua ya 4: Barua ya ukurasa mmoja, na mchoro wako nyuma

Nani wewe, umepima nini, wapi, siku ngapi, umeona nini. Taja pia kuogelea, leseni ya pikipiki, huduma ya kwanza. Kwa anayepanga safari ya kisiwani, hayo ni mazito kuliko alama za mtihani.

Hatua ya 5: Kabla hujasema ndiyo

Uliza posho inalipwa lini, bima ipo, na nani anakurudisha nyumbani jua likizama. Dada zangu, ulizeni na mahali pa kulala na pa kujisitiri. Ni swali la kazi, halina aibu, na kiongozi mzuri anakuwa na jibu tayari.

Utaulizwa pia kwa nini unaitaka kazi hii. Mimi nilieleza hesabu moja: kwenye visiwa kama vyetu, kila mita 1 ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, iliyo juu ya usawa wa bahari imebeba kama mita 40 nyingine chini yake, yakielea juu ya maji chumvi. Pampu ikiteremsha ile mita moja na kuiacha hivyo, chumvi huanza kupanda kuziba pengo la zile arobaini, na mwenye kisima hajui mpaka siku chai inapobadilika ladha. Nilisema nataka kuwa mtu wa kumwambia yule bibi mapema.

Mwezi ukiandama, bamvua limefika. Nenda kwa sheha wiki hii.