Bosi anayekana maagizo yake
Kama bosi wako ni wa kukuagiza kwa mdomo mkipishana koridoni, kisha kesho anaruka mbele ya wenzako, usibishane naye. Ukirudi tu mezani mwandikie ujumbe mfupi: "Bosi, nimeelewa niache ripoti ya mauzo nianze na bajeti, niikabidhi Alhamisi saa 9 alasiri. Kama sikukuelewa vizuri, naomba unirekebishe." Basi. Asipojibu, wewe endelea na kazi. Lugha iwe ya upole, maana akihisi unamtegea atawaka zaidi (mimi nilikula makaripio mawili kabla ya kulijua hili). Na siku akikana tena, usiutoe ujumbe huo kikaoni. Mfuate ofisini kwake, mkiwa wawili tu.