Namna ya Kumsaidia Kijana Anayeogopa Macho ya Watu

Kuona haya si ugonjwa, wala kijana mkimya si lazima awe na tatizo. Wasiwasi wa kijamii ni hofu ya kutazamwa na kuhukumiwa, ambayo wataalamu huihesabu kuwa maradhi pale inapodumu kwa takriban miezi 6 au zaidi na kumkwamisha mtu katika mambo ya kawaida, kama vile kuuliza swali darasani au kula mbele ya wenzake. Wengi huanza kuupata katika umri wa balehe, wakati ambapo kijana, kama alivyoeleza mwanasaikolojia David Elkind mwaka 1967, hujiona kama yuko jukwaani kila aendapo.

Anza kwa kumuuliza anadhani kitatokea nini hasa. "Naogopa" ni neno lisiloshikika, ilhali "sauti itatetemeka, nao watacheka" ni utabiri unaoweza kupimwa, mwambie auandike.

Kisha chunguza anavyojikinga. Wanasaikolojia David Clark na Adrian Wells walieleza mwaka 1995 kwamba mwenye wasiwasi huu huacha kuwatazama watu akaanza kujitazama mwenyewe: akihisi mashavu yanawaka, huamini kwamba kila mtu anayaona. Kijana anayesoma insha mbele ya darasa huing'ang'ania karatasi kwa mikono miwili, hainui macho, na husoma mbio hata pumzi zikamwishia. Akimaliza salama, shukrani zote huziendea karatasi na ile mbio, na hofu hubaki pale pale.

Kwa hiyo chagueni kinga moja tu ya kuiacha. Asome aya fupi mbele ya watu wawili, akiinua macho kila mwisho wa sentensi, halafu mlinganishe alichoandika na kilichotokea. Akizoea, ongezeni wasikilizaji. Nawe usimjibie anapoulizwa jambo na mgeni, kosa ambalo wazazi hulifanya kwa mapenzi na ndilo gumu kuliko yote kuliacha.

Usiku wake huenda akalirudia tukio zima kichwani, akiokota makosa tu. Akikuuliza kwa mara ya tatu kama alionekana mjinga, usimbembeleze upya, bali mrudishe kwenye yale mliyoandika.

Akiacha kwenda shule, au akitaja kujidhuru, mpeleke bila kuchelewa kwa daktari au mwanasaikolojia, na uulizie tiba ya kubadili fikra na tabia.